Historia ya Mutwanga Si Theluji Tu

Mtu atakaye kusoma habari za Mutwanga atakutana kwanza na habari za mlima. Vitabu vipo, tena vingine vizuri sana. Henry Morton Stanley alipita katika bonde la Semliki mwaka 1889, akamtuma afisa wake Stairs apande Ruwenzori; mwaka 1890 habari zake zikachapwa. Mwaka 1891 Franz Stuhlmann, Mdachi, alipanda kwa upande wetu huu, akiufuata mto Butawu. Mwaka 1932 ukaja msafara wa wataalamu wa Ubelgiji, chini ya Xavier de Grunne, nao ukaandika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1937. Ndani ya vitabu hivyo mna barafu, mna majani na maua, mna mawe, mna vipimo vya kimo cha vilele.

Je, nani alibeba mizigo? Nani aliwaambia wageni kwamba mto huu wavukika hapa na haupitiki pale? Watu wa chini ya mlima huonekana mara nyingi kama wachukuzi tu: watatajwa kwa hesabu siku ya kuondoka, watatajwa tena siku walipoona baridi wakataka kurudi. Tusiwalaumu waandishi hao kupita kiasi. Walikuja kutafuta theluji, wakaandika theluji. Kosa litakuwa letu sisi tukidhani ya kuwa wameandika historia ya Mutwanga.

Leo twataka kupima kazi zilizokwisha kuandikwa juu ya nchi yetu ya Beni na Butembo, na kuuliza: zamsaidiaje mtu anayetaka kuandika historia ya mahali padogo, yaani mji wake, kilima chake, parokia yake?

Baada ya vitabu vya wasafiri zafuata hati za serikali. Wakati wa Wabelgiji watu wengi wa bonde la Semliki walihamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Ugonjwa ule ulikuwa wa kweli, nao uliua watu wengi. Lakini Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa mwaka 1925, ilipanuliwa hatua kwa hatua, na katika miaka ya 1930 ikafika Semliki na Ruwenzori. Nchi iliyoachwa kwa ajili ya maradhi ikawa nchi ya wanyama, na tangu mwaka 1969 hifadhi hiyo huitwa Virunga. Mtu asomaye hati za namna hii atajua amri ilitolewa na nani, na mpaka ulipita wapi. Hatajua neno juu ya migomba iliyobaki nyuma, wala kaburi la baba, wala jirani aliyekwenda kulia wakati mwenzake amekwenda kushoto. Hati ya kuhamisha watu hutaja mahali wanapopelekwa. Nyumba walizotoka hazimo.

Sasa tuje kwa waliokaa na kuwauliza wazee. Hapo yatupasa kumtaja Padre Lieven Bergmans, mmoja wa Waasumpsionisti, shirika lililofika katika nchi hii mwaka 1929. Kitabu chake cha Kifaransa juu ya historia ya Baswaga kilichapwa papa hapa Butembo mwaka 1970. Sifa yake kubwa ni hii: aliyahesabu maneno ya wazee kuwa maneno yanayostahili kitabu. Wakati wengi walikuwa wakisema kwamba watu wasioandika hawana historia, yeye alikaa, akasikiliza, akaandika. Kila atakayeandika baada yake hana budi kupitia mlangoni kwake.

Hata hivyo kitabu kizuri nacho hupimwa. Kwanza, jina lake lenyewe laonyesha kwamba ni kitabu cha Baswaga, ambao usultani wao uko upande wa Lubero. Mutwanga na miteremko ya Ruwenzori haiko katikati yake. Pili, historia ya namna hiyo husimulia hasa safari za koo na urithi wa wakubwa: fulani alitoka ng'ambo ya Semliki, akamzaa fulani, akatawala kilima fulani. Ni mambo ya lazima. Lakini wanawake waliolima vilima hivyo hawaonekani sana, wala watu wadogo, wala Bambuti wa msituni, waliowajua wageni hao walipokuwa bado wageni.

Mwaka 1981 Mmarekani Randall Packard alitoa kitabu juu ya Bashu, walio karibu nasi zaidi. Yeye aonyesha ya kuwa kwa Bashu ukubwa wa mwami ulifungamana na mvua, na rutuba ya mashamba, na afya ya nchi nzima. Njaa ilipoingia, watu hawakutazama mbingu tu. Waliuliza pia habari za mwami. Tena aonyesha kwamba masimulizi ya ukoo huu hayalingani na ya ukoo ule, na kwamba kila upande husimulia kwa namna inayotegemeza haki yake. Wahenga walisema, mwamba ngoma huvuta ngozi kwake. Packard hakuwadharau wavutaji. Aliitazama ngozi, akaona inavutwa wapi na kwa sababu gani. Hilo ndilo jambo kubwa la kujifunza katika kitabu chake.

Sisi tumezoea kusema, penye wazee haliharibiki neno. Ni kweli, wazee wakiwa wengi, tena wa koo mbalimbali. Mzee mmoja peke yake, mbele ya kijana mwenye kalamu na haraka, aweza kuliharibu neno bila kusema uongo hata mmoja: atayataja ya kwake na kuyanyamazia ya jirani.

Nasi tuna mfano wa jambo hilo ng'ambo ya mlima. Mwaka 1910 Wabelgiji na Waingereza walipatana juu ya mpaka, nao ukapita juu ya Ruwenzori, ukawatenga Banande wa upande huu na ndugu zao Bakonzo wa upande wa Uganda. Katika miaka ya 1950 mwalimu mmoja wa Bakonzo, Isaya Mukirane, alianzisha pamoja na wenzake chama cha kuchunguza maisha na historia ya Bakonzo. Mwaka 1954 alitembea milimani na mwandishi wa habari wa Kiingereza, Tom Stacey, wakikusanya desturi na masimulizi. Jambo hilo lastahili sifa: wenyeji wenyewe waliuliza habari zao, hawakungoja kuulizwa.

Lakini kile chama cha historia hakikukaa katika historia tu. Bakonzo walikuwa na malalamiko ya kweli juu ya kutawaliwa chini ya Toro, na yale waliyokusanya yakawa hoja ya kudai utawala wao. Mwaka 1962 yalianza mapambano ya Rwenzururu, wala hayakutulia ila mwaka 1982. Hata mwaka 2009 serikali ya Uganda ikautambua ufalme huo. Hatusemi kwamba madai yao yalikuwa ya bure. Twasema tu kwamba historia ni kitu chenye nguvu. Anayeikusanya hana budi kujua ya kuwa ameshika panga: laweza kufyeka njia, laweza pia kumkata mtu.

Labda msomaji atauliza: je, mahali padogo kama Mutwanga pastahili kazi kubwa namna hii? Hapa yafaa kuwatazama Waingereza. Kwao kuna desturi ya zamani ya kuandika historia ya kila wilaya, au kaunti kama wasemavyo ndugu wa Kenya. William Lambarde alichapa kitabu juu ya Kent mwaka 1576. William Dugdale juu ya Warwickshire mwaka 1656. Mwaka 1899 ilianzishwa kazi ya kuandika historia ya wilaya zote za Uingereza, ikapewa jina la Malkia Victoria. Vitabu vyake vimepita 200, na kazi haijakwisha hata leo. Tena katika kila wilaya hufuata njia moja: parokia baada ya parokia. Parokia yenye nyumba chache hupewa sura yake, na kila neno huonyeshwa limetoka katika hati gani.

Tuwapime na hao vilevile. Vitabu vyao vya kwanza vilijaa habari za mabwana wenye mashamba, ukoo wao na mirathi yao; mkulima aliyekodi shamba alipita kimya. Kosa hili twalijua: ndilo lile la kuandika orodha ya wakubwa tu. Baadaye walijirekebisha. Mwaka 1955 W. G. Hoskins alitoa kitabu kilichowafundisha watu kuisoma nchi yenyewe, yaani njia za zamani, mipaka ya mashamba, vijiji vilivyohamwa, kana kwamba ni maandiko. Fundisho hilo latufaa sana sisi ambao vijiji vyetu vya bondeni vimemezwa na majani.

Jambo moja wanalo Waingereza kwa wingi: daftari za parokia, zilizoamriwa kwao tangu mwaka 1538. Katika Kanisa letu Mtaguso wa Trento uliagiza mwaka 1563 kwamba paroko awe na kitabu cha ndoa, na daftari za ubatizo zikashikwa kwa uangalifu vilevile. Zetu si za miaka mia tano. Lakini zipo, na watu wengi hawajui thamani yake. Hudhani ni za kutafutia cheti cha ndoa tu.

Tufikiri daftari ya ubatizo hutuambia nini. Yataja mtoto, wazazi, msimamizi, siku, na mara nyingi kijiji. Kijiji hicho pengine hakipo tena. Basi daftari ni ramani ya nchi iliyofutwa. Msimamizi naye hutuonyesha nani alimwamini nani: pengine ni mtu wa ukoo mwingine, pengine ni mgeni aliyekuja kufanya kazi. Vitabu vya koo huonyesha mahali watu walipoachana. Daftari yaonyesha mahali walipokutana.

Lakini asiyejua desturi zetu atapotea ndani yake. Ataona Kambale mia moja, afikiri ni jamaa moja. Mnande ajua ya kuwa Kambale ni jina la mwana wa pili wa kiume, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Ndiyo maana majina hayo hutuambia kitu kingine pia. Daftari ikimtaja Kambale, na kaka yake haonekani mahali popote, yatupasa kuuliza: yuko wapi wa kwanza? Labda alizaliwa kabla ya misioni kufika. Labda alibatizwa mahali pengine. Labda alikufa mchanga, na jina la mdogo wake ndilo ushahidi pekee kwamba aliishi. Hakuna kitabu cha theluji kitakachotuambia hilo.

Tena tusisahau upungufu wake. Daftari haiwajui wasiobatizwa. Majina ya Kinande yaliandikwa na masikio ya kigeni. Miaka ya watu wazima ilikisiwa. Kwa hiyo daftari ipimwe kwa maneno ya wazee, na wazee wapimwe kwa daftari, na wote wawili wapimwe kwa nchi yenyewe.

Kwa nini tuseme haya leo? Kwa sababu wakati ni mfupi. Tangu Oktoba 2014 mauaji yameiandama teritori ya Beni, na sekta yetu ya Ruwenzori haikuachwa: Januari 2021, huko Mwenda, watu zaidi ya 20 waliuawa. Watu wamekimbia, wakaacha nyumba na karatasi. Mzee aliyekimbilia Butembo yuko mbali na kilima alichoweza kukionyesha kwa kidole. Na katika nchi ya namna hii, ambapo mashamba yagombaniwa na mpaka wa hifadhi wabishaniwa, swali la kwanza katika kila kinywa ni: nani alitangulia kufika hapa? Swali hilo ni halali. Lakini historia inayojibu hilo peke yake itasomwa kama hati ya shamba, na jirani aliyeachwa nje ataandika ya kwake.

Basi, kijana wa Mutwanga mwenye daftari na kalamu aanze kwa maswali mengine. Chumvi ya Katwe ilifika hapa kwa njia gani, na nani alikaribishwa alale kwa nani? Mwaka wa njaa watu walikula nini, nani alitoa mbegu? Mto huu uliitwaje kabla ya watu kuhamishwa? Bibi yako alitoka ukoo gani, na mahari ilikuwa nini? Kila jibu aandike limesemwa na nani, wapi, siku gani, na alipende neno la Kinande kama lilivyotamkwa. Asiridhike na mzee mmoja. Amwulize na wa ukoo wa pili, amwulize na mama mzee aliyeolewa kutoka mbali. Na maparoko na makatekista wahakikishe kwamba daftari za zamani zina nakala mahali pengine palipo salama.

Wataalamu wa theluji walipima vilele, nao walifanya kazi yao. Kazi ya kuwataja waliolala chini ya vilele hivyo, mmoja mmoja na jirani yake, yatungoja sisi, tena yatungoja mwaka huu, wakati wale wanaokumbuka wangali hai.