Spika zile hazikuwa zimekufa

Mliokuwepo barazani Mtaa wa Sikukuu Jumapili ile mlisikia wenyewe, kwa hiyo sina haja ya kuwahadithia. Seti ya muziki ilikuwa nzuri mpaka ilipofika kwenye spika. Kijana aliingia Kariakoo na laki sita, akazunguka miezi mitatu, akapata vitu ambavyo mimi ningevipokea kwa mikono miwili. Kisha alasiri moja ya Jumamosi akakubali maboksi yakatwe, wufa za gari zipachikwe. Hilo ndilo kosa. Mengine alifanya sawa, nayataja haraka ili tufike panapouma.

Amplifaya ni Pioneer ya miaka ya 70, wati 25 kila upande, imetoka kwenye nyumba ya Upanga ambayo wenyewe walikuwa wanahama. Alisafisha voliumu kwa dawa ya kupuliza, hakugusa kingine. Vizuri. Mashine ya santuri ni ya Japani, ya volti 100, akainunulia transfoma ya kushusha umeme badala ya kuichomeka kwenye 230 zetu. Vizuri pia. Mkanda mpya, sindano mpya. Na maksi zote nampa kwa hili, maana huwashinda hata mafundi wenye majina: alijua kwamba transfoma hushusha volti lakini haigusi hezi. Mashine ilikuja na puli ya 60, ya upande wa Osaka, kwa sababu Japani nusu ya nchi hutumia hezi 50 na nusu hutumia 60. Akatafuta fundi wa mashine ya kukereza, akachongewa ya 50. Angeiacha ile ya zamani, sahani ya 45 ingezunguka mara 37 na nusu kwa dakika na sauti ingeshuka nusutoni tatu na ushee.

Mtu anayejua hivyo ndiye aliyesimama pembeni msumeno ukilia. Ndiyo maana sikulala vizuri usiku ule.

Sasa maboksi. Yalikuwa ya Uingereza, mbao nzito, yamezibwa pande zote. Ndani yake wufa ya inchi 8 ya koni ya karatasi, twita ndogo ya kuba, na krosova nyepesi kabisa: koili moja kwa wufa, kapasita moja kwa twita. Ukingo wa wufa, ule unaoshika koni kwenye fremu, ulikuwa wa sponji. Sote tunajua mwisho wa sponji mjini hapa. Joto na unyevu wa pwani huila taratibu, na baada ya miaka unaigusa inabaki kidoleni, nyeusi, inanata kama masizi ya jiko la mafuta ya taa. Wufa mbili zote zilikuwa hivyo. Ukingo umekatika, koni inaning'inia, ukipiga muziki inakwaruza.

Fundi wa spika akaangalia, akasema: "Hizi zimekufa." Hakutoa mita wala betri. Akapendekeza wufa za gari za inchi 10, omu 4, sumaku kubwa, mpira mnene. Kijana akatoa laki moja na nusu, robo ya bajeti yake yote. Msumeno wa umeme ukapanua tundu la inchi 8 likawa la 10.

Nilipomuuliza alijibu kwa adabu. "Shikamoo mzee. Fundi kaniambia zile hazifufuki."

"Marahaba. Koili ya wufa aliipima?"

"Hapana."

"Alikuonyesha kinachokwaruza?"

"Hapana, mzee. Alinionyesha sponji."

Nikamwomba aniletee hizo maiti. Alikuwa amezitia kwenye kiroba cha unga chini ya kitanda. Nikaweka mita: ya kwanza omu 6 na nukta mbili, ya pili 6 na nukta tatu. Kwa kipimo cha mita, hiyo ni spika ya omu 8 iliyo salama. Nikachukua betri ya tochi, volti moja na nusu, nikagusisha nyaya. Koni ikaruka mbele. Nikageuza nyaya, ikarudi nyuma. Nikashika koni kwa vidole gumba viwili, nikaisukuma taratibu ikiwa imenyooka, haikukwaruza popote. Kilichokuwa kinakwaruza ni koni kulala upande kwa kukosa ukingo. Koili nzima, sumaku nzima, karatasi haina hata tundu. Spika zile hazikuwa zimekufa. Kijana alikuwa amekaa mkekani, akaiomba betri, akarudia mwenyewe mara nne au tano bila kusema neno.

Wapo watakaoniambia: mzee, wufa ni wufa, tena ile mpya ina nguvu zaidi. Twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo kosa linapojieleza lenyewe. Koili ya krosova hukata sauti ya wufa kulingana na omu inazozikuta. Chukua koili ya milihenri 0.64. Ikikuta omu 8, inaanza kukata kwenye hezi 2,000. Ikikuta omu 4, koili ileile inaanza kukata kwenye hezi 1,000. Twita nayo haijui kilichotokea, bado inaanzia palepale ilipopangiwa, kwenye 2,000. Kati ya 1,000 na 2,000 hakuna anayefanya kazi ipasavyo. Na hata ungeiondoa koili, wufa nzito ya gari haipandi huko. Imetengenezwa ikae nyuma ya kiti ingurume, wakati mlangoni mwa gari kuna spika nyingine ya kuimba.

Shimo hilo limekaa wapi? Limekaa kwenye maneno ya mwimbaji, kwenye makali ya tarumbeta, kwenye kidole cha mpiga solo kinapoachia uzi. Mnakumbuka santuri iliyowekwa: Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, sahani ndogo ya 45, wimbo umegawanywa nusu upande wa A na nusu upande wa B kama zilivyokuwa zikichapwa Nairobi. Mzee aliyekaa karibu na mlango akauliza kama tumeweka wimbo wenyewe au vyombo vitupu. Hakuwa na utani. Mbaraka alikuwa anaimba muda wote ule. Gita lake, lililoifikisha bendi hiyo mpaka kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, lilisikika kama linapigwa nyumba ya pili.

Na besi, ambayo ndiyo ilikuwa sababu ya kukata mbao? Besi ya dansi hutembea. Inapanda, inashuka, inajibizana na tumba, na uzi wake mnene kabisa unaanzia kwenye hezi 41. Wufa ya gari ndani ya boksi dogo lisilo lake inapenda noti moja, na kila noti ikipita karibu na hapo inageuka kuwa hiyohiyo. Tulisikia mvumo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Msioamini, tegeni sikio bajaji yoyote yenye sabufa ikipita Mtaa wa Msimbazi: wimbo haujulikani, mvumo unajulikana.

Halafu kuna amplifaya. Nyuma yake pameandikwa omu 8, kwa herufi zinazosomeka. Omu 4 huvuta mkondo mara mbili. Boksi la wufa za gari linasema desibeli 84 kwa wati moja. Za karatasi za aina ile huwa karibu na 90. Upungufu wa desibeli 6 unadai wati mara nne ili kufika palepale. Mara nne ya 25 ni 100, na Pioneer ile haina 100 za kutoa. Kwa hiyo voliumu ikapandishwa, na kufikia mwisho wa upande wa A kifuniko kilikuwa hakishikiki. Nikaomba izimwe. Wengine mlinuna, lakini transista za matokeo za amplifaya ya umri ule zikiungua, za asili hazipatikani kirahisi. Miaka ya 90 nilipeleka amplifaya yangu kwa fundi mmoja, ikarudi inawaka, inapiga, na ndani yake transista zisizo zake, zenye maandishi yanayofutika kwa kidole. Ilidumu wiki mbili. Tangu hapo nafungua kifuniko mbele ya fundi kabla sijalipa.

Nisichokubali ni kusema ufundi haupo. Upo. Ukipita uchochoro uleule wa fundi yule utakuta spika za makanisa na za kumbi zinasukwa koili upya kwa mkono, waya mwembamba kama unywele, mzunguko juu ya mzunguko, usawa mtupu. Anayeweza kusuka koili hashindwi kuvisha ukingo. Unakata pete ya kitambaa au ya mpira laini, unasafisha masizi yote kwa spiriti, unaingiza vipande vya filamu ya eksirei kati ya koili na nguzo ya sumaku ili koni isimame katikati, unapaka gundi, unasubiri siku nzima, unachomoa vipande. Gharama yake ni sehemu ndogo tu ya laki moja na nusu. Ila inachukua siku mbili, na wufa ya gari inachukua saa moja. Muda ndio ulioamua.

Mzee aliyenifundisha kazi hii alikaa chini ya baraza moja karibu na Mtaa wa Kongo, na miaka ya 80, vitu vilipokuwa havipatikani madukani, hakuwa na wufa ya kubadilishia hata kama angetaka. Koni iliyochanika aliiziba kwa karatasi laini na gundi, tabaka moja, anaacha ikauke, tabaka la pili. Ukingo aliukata kwenye ngozi ya glovu. Kabla ya yote alikuwa na betri yake mfukoni. Hakuna spika iliyoitwa imekufa mbele yake kabla haijagusishwa betri. Alikuwa akituambia sisi wanafunzi wake tuziangalie koni, tusimwangalie yeye.

Na ninapowasikia vijana wakisema muziki wa zamani hauna besi, naumia zaidi. Mafundi mitambo wa Redio Tanzania walirekodi bendi nzima ikipiga kwa pamoja, chumba kimoja, maikrofoni chache, akikosea mmoja wanarudia wote. Walipima kwa kusogeza watu: tarumbeta nyuma, mwimbaji mbele, besi pale inaposikika bila kufunika. Walijua sauti ile itafika kwa msikilizaji kupitia koni ya karatasi ya redio, labda National ya Matsushita, waliofungua kiwanda hapahapa Dar es Salaam miaka ya 60. Kwa hiyo katikati ndipo walipoweka uhai wote. Sikilizeni rekodi za Mlimani Park za baada ya 1978, Gurumo na Bitchuka wakiitikiana: sauti mbili zinakaa pamoja na bado unazitenganisha. Weka kanda hiyo kwenye spika yenye shimo pale katikati, umewatoa Gurumo na Bitchuka chumbani.

Ugonjwa ni uleule wa ikwalaiza iliyopangwa kama herufi V, besi juu, twita juu, katikati chini, na ule wa boksi la sabufa lililoandikwa wati elfu mbili P.M.P.O. wakati transfoma yake ukiipima mkononi haifiki uzito wa kilo ya sukari. Nimeyaandika haya miaka na nitaendelea. Tofauti ni kwamba ikwalaiza unaisawazisha kwa kidole, na ile P.M.P.O. unaweza kutoisoma. Mbao iliyokatwa hairudi. Soko letu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, jengo lake lililosanifiwa na Beda Amuli halikubomolewa. Walikagua zege lake, wakalikarabati, na miavuli yake ya zege bado ipo juu. Ule ulikuwa moto mkubwa, mali za watu ziliteketea, na bado kuna aliyepima kwanza. Hizi zilikuwa pete mbili za sponji.

Kijana amezirudisha wufa za gari dukani. Hawakumpa fedha, wamempa nyaya za spika na plagi, sawa, atazitumia. Wufa za karatasi ziko mezani kwangu, zimesafishwa, pete za kitambaa zimeshavishwa tangu jana asubuhi, na vipande vya filamu bado vimo katikati. Tatizo lililobaki ni tundu la inchi 10. Seremala wa Gerezani ametukatia pete za plaiwudi, nje inchi 10, ndani 8, lakini plaiwudi yake ni ya milimita 12 na mbao ya boksi ni ya 18, kwa hiyo wufa itakaa ndani kuliko twita. Nimemwambia abandike pete mbili na kupiga randa mpaka zilingane, kisha kuziba ukingo wote kwa gundi na unga wa mbao, maana boksi hili likipumua hata kidogo besi imeondoka. Akimaliza Ijumaa tutakutana palepale barazani, saa kumi. Upande wa B bado haujapigwa.