Mfinyanzi wa Fumba na Mwandishi Wake

Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1958, ni kitabu chembamba, na labda kwa sababu hiyo husomwa kwa haraka. Mwanafunzi hunakili orodha ya sifa za Siti: subira, adabu, ukarimu, bidii, na mtihani ukishapita, kitabu hurudi kabatini. Nasi tulikisoma hivyo katika ujana wetu. Karibuni tumekirudia hapa Ifakara pamoja na vijana wa sekondari, na safari hii kimetusumbua.

Habari zenyewe ni hizi. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo uliotokana na utumwa. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa, nalo halikuwa fumbo, kwani utumwa ulikuwa halali Unguja hadi mwaka 1897. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye akaifuata kazi hiyo. Karibu na mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa uimbaji na Ali Muhsin, akashirikiana na mafundi kama Subeti Ambari na Mbaruk Effandi Talsam. Taarabu ya wakati ule ilikuwa ya Kiarabu, burudani ya majumba ya wakubwa. Siti aliiimba kwa Kiswahili, Ng'ambo kwa maskini na hata mbele ya Sultani. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, sauti zao zikatiwa katika santuri.

Vijana tuliosoma nao ni watoto wa wakulima wa mpunga, wavuvi wa Mto Kilombero na vibarua wa mashamba ya miwa ya Kidatu. Hawakuhitaji kuelezwa maana ya mwanamke kujitwika vyungu kwenda kuviuza. Walichotaka kujua ni kitu kingine: waliomdharau walikuwa nani, na walipoteza nini yeye alipopanda?

Mahali pa kulitafuta jibu ni katika kashfa aliyotungiwa. Watu walimwimbia kwamba alitoka shamba na kaniki, na kwamba lau si sauti yake asingekuwa na riziki. Mwalimu asiupite ubeti huo kwa haraka. Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa na maskini, na kumtaja mtu kwa kaniki yake ni kumwamuru arudi alikotoka. Lakini watunzi wa kashfa hiyo walikiri jambo wasilolikusudia. Walikubali kwamba sauti imemwinua. Ikiwa sauti ya mfinyanzi mmoja yatosha kumvusha ngazi iliyodaiwa kuwa ya nasaba, basi ngazi hiyo ilijengwa na watu, na watu wanaweza kuibomoa. Siti alijibu kwa wimbo pia, akaiweka akili juu ya sura na jadi. Hakuikana kaniki wala hakujizulia ukoo mwingine, jambo ambalo wengi katika mji ule wangelifanya.

Hapa ndipo tunapohitilafiana na Shaaban Robert. Mbele ya ugomvi huu wa kitabaka, yeye hutazama zaidi ushindi wa tabia njema juu ya tabia mbaya. Wenye dharau huonekana kama watu wenye husuda, na Siti kama mwenye subira. Hayo ni kweli, lakini husuda peke yake haimpi mtoto jina la Mtumwa. Wasifu wa msanii, popote pale, huelekea kumgeuza msanii kuwa walii. Kusini mwa India, wasemao Kitelugu walimtengenezea mshairi wao Vemana, aliyeshambulia ubaguzi wa matabaka ya kuzaliwa, filamu iitwayo Yogi Vemana mwaka 1947. Humo mshairi huacha anasa na kuishia kuwa mtawa. Mtawa hupendwa na wote, hata na wale aliowashambulia.

Na Siti alikuwa na makali. Wimbo wake juu ya Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni, muuaji akatorokea Bara, huku adhabu ikiwaangukia waliofika mahakamani kutoa ushahidi. Mwimbaji wa wimbo huo hatoshi katika neno moja la subira. Alikuwa akiihukumu mahakama, tena katika lugha ambayo mchukuzi wa bandarini aliielewa.

Hata hivyo tusimwonee mwandishi. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni tangu mwaka 1926, akianzia forodhani Pangani. Sisi tulioshika kalamu ya ofisi kwa miaka mingi tunajua jinsi mkono unavyozoea kulainisha sentensi kabla haijamfikia mkubwa. Pia tukumbuke alichokithubutu: Mwislamu mwenye heshima zake kukaa na kuandika kitabu kizima juu ya mwanamke mwimbaji, wa ukoo wa watumwa, asiyekuwa na elimu ya shule, na kumpa lugha ile ile ambayo wengine waliwawekea masultani. Siti alifariki mwaka 1950. Bila kitabu hiki tungelibaki na santuri zilizochakaa na masimulizi yanayopungua kila mwaka.

Tunaona basi kwamba kitabu kifundishwe, ila orodha ya sifa isiwe mwanzo. Mwanafunzi aanze na kashfa na jibu lake, aulize kila upande ulikuwa ukilinda nini, ndipo aende kwenye sifa.

Jambo la mwisho latuhusu wenyewe. Bonde hili la Wandamba, Wapogoro na Wabena lina akina mama wanaoongoza nyimbo za shambani na za ngoma, na baadhi yao hutunga papo hapo maneno ambayo hakuna mwenye cheo angethubutu kuyasema barazani. Hakuna aliyewaandikia wasifu. Msichana mmoja katika darasa letu alisema bibi yake ni mmoja wao, na kwamba nyumbani huona haya kumtaja kwa sababu ni mwimba ngoma. Tulimwomba amuulize bibi nyimbo zake alizitunga kwa ajili ya nani, na nani alikasirika. Alirudi na daftari lenye kurasa nne zilizojaa, na ombi la bibi kwamba majina ya waliokasirika yasisomwe darasani wakiwa bado hai.