Fletibaa Isimame: Uchambuzi wa Vibano Vilivyotengenezwa Nyumbani

Anayenunua mashine ndogo ya milingi kwa karakana ya nyumbani huletewa meza yenye mifereji ya umbo la T, na ndani ya mifereji hiyo hamna kitu. Jiliwa ataipata bila shida. Ila kuna vipande ambavyo jiliwa haivikubali: bamba pana, kifuniko cha giaboksi, kasha la pampu lililosubiwa ambalo halina hata pande mbili zilizo sambamba. Hivyo hubanwa mezani moja kwa moja kwa vibano. Dukani zipo seti kamili zenye stadi, nati na vipande vya ngazi. Ninayoichambua hapa ni seti nyingine, vibano 4 vya fletibaa ya kawaida vilivyounganishwa kwa kulehemu, nilivyovitengeneza kwa ajili ya meza yenye mifereji ya milimita 12. Vifaa vilivyotumika ni msumeno wa chuma, grainda, mashine ya kulehemu, drili na tepu. Milingi yenyewe haikuhitajika, na ni afadhali, maana kuchonga kibano kwenye milingi isiyo na kibano ni kuzungushana.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo iliyoamua umbo. Kibano cha meza ni mkono wa chuma ambao ncha yake ya mbele inakanyaga kipande, ncha ya nyuma inakaa juu ya egemeo, na baina yake inapita stadi yenye nati. Nati ikikazwa, stadi inauvuta mkono chini. Mvuto huo hugawanywa kwa ncha mbili kama watu wawili wanaobeba mzegamzega: mzigo ukisogea kwa mmoja, yeye ndiye anayelemewa. Stadi ikiwa milimita 30 kutoka kwenye kipande na 60 kutoka kwenye egemeo, kipande hupata theluthi mbili za mvuto. Ukigeuza vipimo hivyo, kipande hubaki na theluthi moja, na unakuwa umelibana egemeo barabara huku kazi yenyewe ikiwa nusu huru. Mafundi wengi huisogeza stadi nyuma ili isigongane na kisu cha milingi, kisha hufidia kwa kukaza nati kwa nguvu zaidi. Nguvu hiyo ya ziada nyingi huishia kwenye egemeo.

Stadi ya M10 huvuta kiasi gani? Kanuni ya karakana ni kugawa toki kwa 0.2 mara kipenyo cha stadi. Nyutonimita 10, ambazo mkono mmoja huzitoa kwenye spana fupi bila kujikaza, hutoa mvuto wa nyutoni 5,000 hivi, karibu na uzito wa kilo 500. Nyutonimita 25 hutoa nyutoni 12,500. Makadirio haya hubadilika hesi zikiwa kavu au zina mafuta, lakini kwa kupanga kazi yanatosha.

Sasa mkono wenyewe. Pale stadi inapopita ndipo unapokunjwa zaidi, na kwa vipimo vyetu vya 30 na 60, nguvu ya kukunja ni mvuto mara milimita 20. Tuseme umechukua fletibaa ya milimita 30 kwa 12, ukailaza, ukaitoboa mfereji wa milimita 11 wa kupitisha stadi. Chuma kilichobaki hapo ni upana wa milimita 19. Kwa toki ya nyutonimita 10 chuma hicho hubeba mkazo wa karibu nyutoni 219 kwa kila milimita ya mraba. Chuma laini huanza kupinda na kubaki kimepinda kwenye 250 hivi. Kwa hiyo umeshafika ukingoni, na hujakaza sawasawa bado. Ukienda nyutonimita 25, mkazo unapita 540. Ndiyo sababu ya vile vibano vilivyopinda kama upinde vinavyoonekana chini ya meza za karakana nyingi.

Jibu la kwanza linalomjia fundi ni kutafuta chuma kigumu zaidi, na huku kwetu chuma kigumu maana yake ni springi ya gari. Inapatikana kila penye skrepa, Gerezani hadi Gikomba, na wahunzi wanaigeuza panga na patasi kila siku. Kwa kibano naikataa, na sababu si ugumu wa kuitoboa tu, ingawa ni kweli utalazimika kuitia moto hadi iwe nyekundu na kuiacha ipoe polepole ndani ya majivu. Sababu kubwa ni kwamba springi haikatai kunepa. Ugumu wa chuma huongeza kiasi cha mkazo kinachobebwa kabla ya kupinda moja kwa moja. Haubadilishi kiasi ambacho chuma hunepa kwa mzigo uleule. Springi na chuma laini vyenye unene sawa hunepa karibu sawasawa. Mkono unaonepa huinua ncha yake, nati hukaa upande, stadi nayo hupindishwa badala ya kuvutwa. Springi itarudi ilivyokuwa ukiilegeza, lakini wakati kisu kinakata haikukusaidia.

Dawa iko kwenye kimo. Uwezo wa mkono kustahimili kukunjwa hukua kwa mraba wa kimo chake, na uwezo wa kukataa kunepa hukua haraka kuliko hapo: kimo kikiongezeka mara mbili, kunepa hupungua mara nane. Kwa hiyo nilichukua fletibaa ya milimita 25 kwa 10, nikakata vipande viwili vya milimita 120, nikavisimamisha kwa ubavu na kuacha nafasi ya milimita 12 katikati ya kupitisha stadi. Mfereji umepatikana bila kukata mfereji. Upana wa chuma ni milimita 20, karibu ule ule wa mwanzo, ila kimo ni 25 badala ya 12. Kwa toki ya nyutonimita 25 mkazo sasa ni 120, chini ya nusu ya kikomo cha chuma laini, na kunepa kumepungua zaidi ya mara tisa. Ni chuma kilekile cha duka lilelile. Kimesimamishwa tu.

Hasara ya kusimamisha ni kwamba pua ya kibano inakuwa ndefu kwenda juu, na kichwa cha mashine kinaweza kuigonga. Hapa hesabu inakuwa rafiki. Nguvu ya kukunja ni kubwa kwenye stadi na hupungua taratibu hadi sifuri pale ncha inapokanyaga kipande. Chuma kirefu mbele hakina kazi. Nikaikata pua mshazari kwa grainda kutoka milimita 25 karibu na stadi hadi 12 kwenye ncha, na kibano hakikupoteza kitu.

Kulehemu ndiko kunakohitaji subira. Kipande cha fletibaa ya milimita 12 chenye urefu wa 20 kinakaa kati ya mikono miwili kwenye pua. Nyuma, mwisho wa mikono, kinakuja kipande cha chuma cha mraba cha 25, kikiwa kimelala kukingama na kufunika ncha zote mbili. Kabla ya moto, kingo zote zinazokutana zipigwe grainda mshazari kiasi cha milimita 4. Bila hivyo weld itakaa juu tu, na utakapoisawazisha chini ya pua utakuwa unaikata weld yenyewe na kuitupa.

Weld ikipoa huvuta. Mikono miwili itakaribiana, na nafasi ya 12 itakuwa 11 au pungufu, stadi ikwame. Kinga yake ni kipande cha tatu cha milimita 12 kinachowekwa katikati bila kulehemiwa, vyote vikibanwa pamoja kwenye jiliwa huku sehemu za kulehemu zikitokeza nje. Unagusa nukta moja juu ya pua, nukta ya pili nyuma upande wa pili, unarudi mbele, unarudi nyuma, ndipo unajaza. Elektrodi ya milimita 2.5 aina ya 6013 inatosha kabisa. Usimwagie maji. Chuma kikishapoa chenyewe, kipande cha katikati hutoka kwa kugongwa na nyundo, na kikigoma kidogo ujue kilikuwa kinafanya kazi yake.

Sehemu ya chini ya pua hupigwa tupa hadi mikono yote miwili ikanyage sawa, kisha huviringwa kidogo sana ili mguso uwe mstari mmoja na usiwe kona. Kwa kuwa mikono yenyewe ndiyo inayokanyaga, weld ya mbele haina mzigo wa maana; inashikilia umbo tu. Weld ya nyuma ndiyo inayobeba egemeo.

Kuhusu egemeo, mimi zile ngazi za meno sizipendi. Zina vimo vyake, na kimo unachokitaka huwa kati ya jino na jino. Kile kipande cha mraba cha nyuma kinatobolewa kwa keekee ya 10.2 na kutiwa hesi za M12, kisha bolti inaingizwa kutoka chini, kichwa chake kikiwa mguu. Unazungusha kichwa kwa spana hadi nyuma ya kibano iwe juu kuliko mbele kwa unywele tu. Nyuma ikiwa chini, pua hukanyaga ukingo wa kipande na kukisukuma nje. Chini ya kichwa cha bolti weka kibamba cha shaba au alumini, maana meza ya chuma cha kusubu ikishapata makovu haisahau.

Washa ya kawaida ya M10 haifai hapa. Ina unene wa milimita 2 na itazama kwenye nafasi ya katikati kama sahani. Mabaki ya fletibaa ya 12, yaliyokatwa mraba wa 30 na kutobolewa tundu la 11, ndiyo washa.

Nati ya T ni ndogo lakini ndiyo inayoweza kukuharibia mashine. Shingo yake iwe nyembamba kuliko mfereji kwa robo milimita hivi, na isitokeze juu ya uso wa meza. Muhimu zaidi, stadi isiweze kupenya hadi chini. Ikipenya, inakanyaga sakafu ya mfereji, na kila unapokaza unainua midomo ya mfereji kwa nati. Chuma cha kusubu hustahimili kubanwa mara tatu au nne kuliko kuvutwa, na hapo kinavutwa. Mdomo unakatika bila onyo. Geuza nati, piga hesi ya mwisho kwa panchi sehemu mbili, stadi itaishia hapo. Stadi yenyewe nilikata bolti zenye alama ya 8.8 kichwani. Fimbo ya hesi ya dukani isiyo na alama naihesabu kuwa 4.6, na kwa mvuto wa nyutoni 12,500 hiyo inakuwa imefika mwisho wa uwezo wake.

Kwa majaribio, chukua vipande vinne vya gazeti, viweke chini ya pembe nne za kazi, kaza vibano, kisha vuta kila karatasi. Inayotoka inakuonyesha pembe ambayo haijakanyagwa. Usiongeze toki, tafuta kwa nini kipande kinaelea, na mara nyingi utakuta kibano kimewekwa mahali ambapo chini yake hakuna kitu. Ukibana juu ya uwazi, kipande kitapinda, utakichonga kikiwa kimepinda, na ukikifungua kitanyooka huku uso uliouchonga ukikunjika. Karatasi hizo ziache hapo hapo, maana huongeza msuguano.

Msuguano ndio unaoshika kila kitu. Vibano viwili vilivyokazwa kwa nyutonimita 10 vinakanyaga kwa jumla ya nyutoni 6,700 hivi. Kwa kiasi cha msuguano cha 0.15, kipande kitahimili kusukumwa kwa nyutoni 1,000. Mota ya wati 750 ikikata kwa mwendo wa mita 25 kwa dakika, na nguvu yake yote ikifika kwenye kisu, inasukuma kwa nyutoni 1,800. Kwa nyutonimita 25 vibano vilevile vinafika 2,500. Hapo ndipo kimo cha 25 kinapolipa, kwa sababu ile fletibaa iliyolala isingefika kwenye toki hiyo ikiwa imenyooka.

Hata hivyo kipande cha alumini laini au kilicho chembamba hakitavumilia toki hiyo. Huko naweka kizuizi: kipande cha chuma kilichofungwa mezani kwa nati ya T, kikigusa kazi upande ule inaposukumwa. Kizuizi kimoja kinafaa kuliko kibano cha tatu, kwa sababu hakitegemei msuguano wa kipande. Kwenye drili ya meza hata cha kutengeneza hakihitajiki. Keekee huzunguka kuelekea kulia ukiitazama kutoka juu, na inapokaribia kutokea chini ndipo hushika kipande na kutaka kukizungusha. Kipande kirefu kikilazwa kuelekea nyuma, upande wa kushoto wa nguzo ya mashine, keekee ikishika itakisukuma kwenye nguzo. Kikiwa upande wa kulia, kitazunguka hadi kwenye mkono wako.