Tuzo ni ya Mwandishi, Kusoma ni Kwetu

Tuna rafiki yetu mmoja hapa Uingereza ambaye kila ukifika mwezi wa Oktoba, wakati Akademi ya Uswidi inapomtangaza mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, hukaa na daftari lake tayari. Jina likishatajwa huliandika, hutafuta vitabu viwili vitatu vya mshindi huyo, kisha huviingiza katika mpango wake wa mwaka. Mpango wenyewe ni vitabu hamsini, yaani kila wiki kitabu kimoja, na wiki mbili za kupumzika. Tuzo ya Booker nayo ina ukurasa wake katika daftari hilo. Hatuandiki haya kumcheka. Mtu mwenye kazi, watoto na safari ya treni asubuhi na jioni, akaweza kusoma kitabu kwa wiki, anastahili heshima.

Lakini tulipolipitia daftari lake tuliona kwamba katika vitabu hamsini hakikuwamo hata kimoja cha Kiswahili. Tukamuuliza sababu. Akajibu, "Ndugu yangu, cha Kiswahili kipi? Nani amekipa tuzo?"

Swali hilo lisipuuzwe, maana wengi wetu tunaoishi ughaibuni tunalo moyoni ingawa hatulitamki. Saa za kusoma ni chache na vitabu ni vingi, kwa hiyo mtu hutafuta ungo wa kumchekechea. Tuzo ni ungo. Na rafiki yetu ana ushahidi wake. Kabla ya tarehe 7 Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja mwaka 1948, alikuwa ameshachapisha riwaya kumi, ya kwanza mwaka 1987. Mbona, anauliza rafiki yetu, katika maharusi na hitima zetu hatukusikia jina lake likitajwa mpaka Waswidi walipolitaja wao? Baada ya siku ile kila mtu alikuwa na la kusema, na mabishano ya kama yeye ni Mtanzania, Mzanzibari au Mwingereza yakapamba moto kuliko mazungumzo ya vitabu vyenyewe.

Tunakubali kwamba tuzo inaweza kumfungulia msomaji mlango. Tunachokataa ni kuifanya tuzo kuwa ndiyo hukumu, kiasi kwamba kitabu kisicho na tuzo kihesabike kimeshindwa. Sisi tuliosomea uhandisi tunaijua zabuni. Mkandarasi anayeshinda zabuni si lazima awe mkandarasi bora kuliko wote nchini. Ni bora miongoni mwa waliopeleka makaratasi yao kabla ya saa ya mwisho, kwa vipimo alivyoviweka mwenye kazi. Tuzo ya fasihi nayo ni hivyo hivyo, na anayetaka kuielewa aanze kwa kuuliza nani aliruhusiwa kuingia.

Tuchukue Booker. Hiyo ni tuzo ya riwaya zilizoandikwa kwa Kiingereza, na dada yake, International Booker, ni ya vitabu vilivyofasiriwa kwa Kiingereza. Riwaya ya Kiswahili, hata iwe nzuri namna gani, haina pa kupita mpaka apatikane mfasiri na mchapishaji wa huku. Kwa hiyo mtu anayesema Kiswahili hakina washindi wa Booker ni sawa na anayesema mashua za Pemba hazijapata kushinda mbio za farasi.

Hata walioruhusiwa kuingia hupimwa na binadamu. Mwaka 1994 riwaya ya Gurnah iitwayo Paradise ilifika katika orodha fupi ya Booker. Ikashinda riwaya ya James Kelman wa Glasgow, How Late It Was, How Late, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha watu wa mitaa ya mji huo. Mmoja wa waamuzi waliokaa meza hiyo hiyo alitoka akaupinga ushindi huo hadharani. Ikiwa waamuzi wenyewe hawakuafikiana, msomaji wa mbali ana haki gani ya kuuchukua uamuzi wao kama kipimo cha maabara?

Kwa maoni yetu kuna tuzo za namna tatu, na kila moja humwambia msomaji jambo tofauti. Ya kwanza ni ya umri mzima wa kazi, kama Nobel. Hiyo inakwambia kwamba mwandishi huyu amejenga nyumba kubwa, lakini haikwambii uanzie chumba gani. Ya pili ni ya kitabu kilichokwisha kutoka, kama Booker, au kama Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta inayosimamiwa na chama cha wachapishaji wa Kenya, ambayo ina nafasi ya vitabu vya Kiswahili. Hiyo inakwambia kwamba kwa kipindi fulani waamuzi fulani walikipenda kitabu hiki zaidi ya vingine vilivyowafikia. Ya tatu ni ya mswada, yaani maandishi ambayo bado hayajawa kitabu. Hii ndiyo yenye kelele kidogo kuliko zote, na kwa lugha kama yetu tunaiona kuwa ndiyo yenye faida kubwa, kwani bila hiyo kitabu chenyewe huenda kisingekuwapo.

Mfano mzuri ni Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla. Hadithi hiyo ilichukua nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 hadi 1958 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Hivyo ndivyo Bwana Msa na kiko chake alivyoingia katika nyumba za watu. Baada ya hapo kilikuja Kisima cha Giningi mwaka 1968, na vingine vikafuatana mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mashindano yalimsukuma mwandishi mara moja, lakini waliomfikisha kitabu cha mwisho ni wasomaji, waliokuwa wakiulizana Bwana Msa atafumbua nini tena.

Siku zetu hizi jambo kama hilo lilirudi kwa tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi, ikaitwa Mabati-Cornell. Fedha zilitoka kwa kampuni ya Kenya inayotengeneza mabati ya kuezekea, pamoja na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Tuzo hiyo ilipokea miswada ambayo haijachapishwa pamoja na vitabu vilivyotoka karibuni. Mwaka 2015 walishinda Anna Samwel Manyanza kwa riwaya ya Penzi la Damu na Mohammed Ghassani kwa diwani ya N'na Kwetu. Mwaka 2017 walifuata Ali Hilal Ali na Dotto Rangimoto, na mwaka 2018 Zainab Alwi Baharoon kwa Mungu Hakopeshwi na Jacob Ngumbau Julius kwa Moto wa Kifuu. Serikali ya Tanzania nayo ikaanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Basi hata kwa kipimo chake mwenyewe, swali la rafiki yetu la "nani amekipa tuzo" lina jibu. Vitabu vya Kiswahili vyenye tuzo vipo, ila havitangazwi katika magazeti anayoyasoma yeye ndani ya treni.

Tulipomtajia majina hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, tuseme vina tuzo. Je, ni vizuri?" Hapo tukafurahi, maana hilo ndilo swali la msomaji. Tukamtajia vitatu, kimoja cha tuzo yetu, kimoja cha tuzo ya dunia, na kimoja ambacho hatukumtajia kwa sababu ya tuzo yoyote.

Cha kwanza ni hicho N'na Kwetu. Mwandishi wake ni Mzanzibari aliyekuwa akiishi Ujerumani, na jina la pili la diwani hiyo ni Sauti ya Mgeni Ugenini. Msomaji wa jarida hili haambiwi zaidi. Mtu aliyepata kusimama katika foleni ya uhamiaji na bahasha ya makaratasi mkononi, huku akijua kwamba kuna mji ambako hata mbuzi wa jirani wanamfahamu, ataelewa kwa nini mtu atamke kwamba ana kwao. Neno hilo halisemwi na aliye nyumbani, kwa sababu huko hakuna anayemuuliza.

Cha pili ni Peponi, yaani ile Paradise ya mwaka 1994, iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022. Ni hadithi ya Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anayechukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake, akaishi dukani pwani, akaenda bara na msafara, mpaka Wajerumani wakafika mlangoni. Rafiki yetu alikwisha kuisoma kwa Kiingereza na hakuona haja ya kuirudia. Sisi tunasema arudie. Katika Kiingereza msomaji huarifiwa kwamba wengi wa watu wale wanazungumza Kiswahili, lakini katika Peponi wanakizungumza.

Tazama jambo moja tu. Yusuf amezoea kumwita Aziz kwa neno la Kiingereza ambalo kwao linamtosha kaka wa baba, kaka wa mama, na hata mgeni yeyote anayependwa nyumbani. Khalil, kijana wa dukani, humkemea kila mara kwamba yule si ndugu yake. Sisi hatuna neno pana namna hiyo. Tuna ami na baba mdogo kwa upande wa baba, tuna mjomba kwa upande wa mama, na kila neno lina haki zake na madai yake. Mfasiri hawezi kukwepa, lazima achague, na uchaguzi wake unaukata uongo wa udugu ule mahali mahsusi. Mtoto aliyewekwa rehani huku akifundishwa kumwita mdai wake kwa jina la ukoo, hilo kwa Kiswahili linauma kwa namna yake. Msomaji aende mwenyewe akaone neno gani limetumika, na ajiulize yeye angechagua lipi.

Cha tatu ni Kuli cha Adam Shafi, cha mwaka 1979. Hapa tuko bandarini Unguja pamoja na kijana Rashidi, katika kazi ya kubeba magunia, hadi mgomo wa wafanyakazi wa bandari wa mwaka 1948. Tuseme kweli, zipo kurasa ambapo siasa ya mwandishi inasema kwa sauti kubwa kuliko Rashidi mwenyewe. Lakini tumesoma vitabu vingi vyenye medali ambavyo ndani yake hakuna mtu hata mmoja anayefanya kazi. Katika Kuli kazi ina uzito, ina jasho na ina mshahara usiotosha. Na wako wenzetu huku wanaopakia mizigo usiku katika maghala, ambao wangejiona humo upesi kuliko katika riwaya nyingi za London.

Tukirudi kwenye ile hesabu ya hamsini, hatuna ugomvi na mtu kujiwekea lengo. Kazi isiyo na lengo huchelewa. Lakini mita ya maji hupima maji yaliyopita bombani. Haipimi nani alikunywa na nani alimwagia bustani. Hamsini ni kipimo cha kilichopita. Tulimuuliza rafiki yetu vitabu vingapi kati ya hamsini vya mwaka jana anaweza kumsimulia mkewe bila ya kufungua daftari. Alihesabu kwa vidole, akafika tisa. Basi tisa hivyo ndivyo alivyosoma.

Ushauri wetu kwake, na kwa wasomaji wengine, ni lengo dogo lenye masharti matatu. Vitabu kumi na viwili kwa mwaka vinatosha. Sita viwe vya Kiswahili, au angalau vine kwa wanaoanza. Viwili viwe vya kurudia. Na kimoja kisomwe na mtu mwingine nyumbani. Hapo Paradise na Peponi zinafaa sana, kwa sababu mtoto aliyezaliwa huku anaweza kushika cha Kiingereza na mzazi akashika cha Kiswahili, wakasoma sura moja kila Jumapili na kubishana. Mtoto atauliza maana ya maneno, na mzazi ataona kwamba mengine yeye mwenyewe huyajua kwa kusikia tu. Watoto wetu wengi wanakisikia Kiswahili jikoni na katika simu za bibi, lakini hawajapata kukiona kikibeba mawazo marefu katika kurasa mia mbili. Lugha ambayo mtoto hajapata kuisoma, ataichukulia kuwa ni ya kuombea chai na kuitikia salamu.

Rafiki yetu alitushinda katika jambo moja. Alisema, "Nyinyi mainjinia mna michoro mizuri, lakini saruji iko wapi? Hivyo vitabu nitavipata duka gani hapa?" Ni kweli. Maduka ya huku hayana rafu ya Kiswahili, na posta ni ghali kuliko kitabu. Lakini kila mwaka wako miongoni mwetu wanaokwenda Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Nairobi, nao hurudi na masanduku yenye dagaa, khanga na achari ya embe. Tunaomba kila msafiri aache nafasi ya vitabu vitatu, avinunue dukani kwa bei ya dukani, wala asipige chapa kivuli, ili mwandishi na mchapishaji wapate haki yao. Akifika, kimoja abaki nacho, na viwili aviuze kwa jirani kwa bei aliyonunulia.

Tuzo humpa mwandishi fedha, tena mara moja. Mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi anapoamua kama atachapa tena kitabu, huangalia kama nakala za mwanzo zimekwisha. Waamuzi hawawezi kumsaidia hapo. Wanunuzi wanaweza, nasi tumo.