Vyombo vya Kioo vya Warumi: Kipi Kipewe Sifa?

Katika British Museum, mjini London, mna chombo cha kioo cha Warumi kiitwacho Portland Vase, kilichofanywa yapata wakati wa kuzaliwa Bwana wetu. Kimo chake ni kama sentimeta 24. Mwili wake ni wa buluu iliyokoza hata kukaribia weusi. Juu ya buluu hiyo fundi alivika kioo cheupe, kisha akakichonga kidogo kidogo, mpaka watu na miti wakatokea weupe juu ya giza. Mahali pengine weupe umepunguzwa hata rangi ya chini yaonekana kama kivuli nyuma ya nguo. Wenye elimu hukisifu sana, nasi hatukatai uzuri wake.

Walakini twaona fundi yule alikilazimisha kioo kuiga kito cha kuchongwa, kama walivyovipenda wakuu wa Roma. Sifa ya kioo ni kupitisha nuru, na chombo hiki huizuia.

Sasa tutazame chupa ndogo zilizopulizwa. Ufundi huo ulizuka katika nchi za Shamu na Palestina, yapata miaka 50 kabla ya Kristo. Mchanga na magadi viliyeyushwa katika tanuri. Fundi akachota donge laini kama asali kwa ncha ya bomba, akapuliza na kuzungusha, na kwa muda mfupi chombo kikawa tayari. Zamani kioo kilikuwa mali ya wakuu. Kitabu cha Ayubu chakitaja pamoja na dhahabu. Lakini Strabo aliandika ya kuwa huko Roma bilauri ya kioo ilipatikana kwa sarafu moja ya shaba. Fundi Ennion, wa karne ya kwanza, aliyepuliza kioo katika kalibu, alitia jina lake kwa Kiyunani ubavuni mwa vikombe, na katika vingine aliomba mnunuzi akumbuke.

Basi, tusipime kazi kwa taabu na bei tu. Chombo cha Portland chastahili kutazamwa. Chupa ile yastahili heshima ya kwanza, maana umbo lake ni la pumzi yenyewe, nuru yapita ndani yake, na mtu asiye na mali aliweza kuwekea mafuta yake humo.