Nani Akalie Kiti

Wengi wakisikia habari za usuluhishi huwaza hotuba na viongozi wakishikana mikono mbele ya kamera. Fundi wa kazi hii huuliza mengine: nani kaalika, nani kaachwa nje, na nani kapewa kiti cha mwenyekiti. Ukitaka kuuona ufundi huo, rudi Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Koo za Ajuran, Degodia na Ogaden zilikuwa zikipigana, na bunduki zilikuwa zikivuka mpaka tangu serikali ya Somalia iporomoke mwaka 1991. Kuikimbilia serikali ya Kenya nako kulikuwa na uzito wake, kwani Februari 1984 wanajeshi wake waliwaua Wadegodia wengi kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Katika vita hivyo vya koo, Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir, alijificha chini ya kitanda na bintiye huku risasi zikilia. Mama yake akamweleza kwamba miaka ya 1960 naye alifanya vivyo hivyo, akiwa na Dekha mwenyewe mchanga.

Dekha na wanawake wenzake walianzia sokoni. Watu walikuwa wamefika mahali pa kukataa kuuziana bidhaa kwa sababu ya ukoo. Wanawake wakakubaliana kwamba kila mmoja aingie, auze na anunue kwa yeyote, kisha wakateua wenzao wa kuangalia kama neno hilo linafuatwa, siku baada ya siku. Hapa ndipo ninapovua kofia. Walianza mahali ambapo tayari walikuwa na kauli. Kununua maziwa hakuhitaji kibali cha mkuu wa wilaya.

Wazee walikuwa mtihani mwingine. Koo kubwa zilipaswa kukaa pamoja, na mwenyekiti kutoka yoyote kati yake angeuvunja mkutano kabla ya dua ya kufungulia. Kiti kikapewa mzee wa ukoo mdogo, ambao haukuwa na nguvu ya kumtisha mtu wala upande katika vita. Udogo uliomnyima sauti katika siasa ukamfaa hapo. Mwaka 1993 wazee walitoa Azimio la Al-Fatah, lililoweka masharti ya kuishi pamoja.

Vijana, wafanyabiashara, masheikh na maofisa wa serikali waliingizwa mmoja mmoja, hadi mwaka 1995 Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir ikapata nafasi ndani ya mfumo wa wilaya. Kukitokea wizi wa mifugo au mauaji, kikosi chenye watu wa makundi hayo kilikwenda mapema, kabla kisasi hakijapangwa. Kamati za namna hiyo zilienea wilaya nyingine za Kenya.

Dekha alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa Coalition for Peace in Africa, mtandao wa Waafrika wanaofanya kazi hii, ambao wangeweza kukutana na kufundishana bila kusubiri mtaalamu kutoka ng'ambo. Mwaka 2000 jina lake lilikuwa kwenye jalada la *Working with Conflict*, pamoja na Simon Fisher na wengine, kitabu ambacho wakufunzi wengi wa amani wanakijua.

Zoezi moja ndani yake ni ramani ya mgogoro. Unachora duara kwa kila mhusika, kubwa au dogo kulingana na nguvu yake katika ugomvi. Mstari ulionyooka ni ukaribu, wa kupinda-pinda ni uhasama. Ukidhani umemaliza, unatakiwa ujichore na wewe, na uwe mkweli kuhusu mistari inayokugusa. Kwangu hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu msuluhishi naye ana ukoo, ana mfadhili, ana rafiki upande mmoja.

Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Dekha alikaa Nairobi na Balozi Bethuel Kiplagat, majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazaro Sumbeiywo, na George Wachira. Wakafungua jukwaa hotelini, na raia yeyote aliyetaka kusaidia aliweza kuingia.