Masharti ya Kinga katika Masimulizi ya Mapigano: Uhakiki Linganishi wa Simulizi za Mara, Utendi wa Fumo Liyongo na Kinjeketile

Mhakiki wa masimulizi ya vita ya jamii za Mara hukutana mapema na suala la kinga, yaani dawa, baraka au zindiko linalozuia madhara ya adui. Ni rahisi kuliorodhesha suala hilo chini ya imani za jadi na kuliacha hapo. Sehemu hii inajenga hoja kwamba kinga ni kanuni ya mapigano ndani ya masimulizi, na kwamba kanuni hiyo ina masharti matatu: humlinda nani, dhidi ya nini na hadi lini. Asiyeyazingatia masharti hayo hawezi kueleza kwa nini shujaa huanguka.

Wilayani Serengeti, historia za Wanata, Waikoma, Waishenyi na Wangoreme, ambazo Jan Bender Shetler amezichambua katika Imagining Serengeti (2007), zinaeleza jinsi rika tawala lilivyotembea kuizunguka nchi na kuizindika kwa dawa iitwayo orokoba. Kinacholindwa hapa ni nchi, si mwili wa mpiganaji mmoja. Kinga hiyo ina muda pia, kwa kuwa rika jingine likishika zamu, nchi huzungukwa upya. Kwa Wakurya wa Tarime, mamlaka ya matambiko yamo mikononi mwa inchama, baraza la siri la wazee. Kijana aendaye vitani hupokea baraka, hazimiliki. Katika hali zote mbili, masharti hushikiliwa na jamii.

Ulinganishi na fasihi andishi unaidhihirisha kanuni hii zaidi. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, kinga ni ya mtu binafsi na sharti lake ni siri: Liyongo hawezi kuuawa isipokuwa kwa shaba, tena kitovuni. Anauawa na mwanawe baada ya kumfichulia siri hiyo. Hapa kinga haikushindwa. Ilifanya kazi kama ilivyowekwa, na kifo kilipita katika mwanya uliokuwapo tangu mwanzo.

Tamthilia ya Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905–1907, inaonesha hali iliyo kinyume. Maji yanapokewa kuwa kinga dhidi ya risasi za Wajerumani. Kinjeketile anapotambua kwamba ujumbe wa Hongo unawafanya watu kuwa watoto wa Seyyid Said, anaingiwa na shaka, naye anataka vita visubiri. Wapiganaji hawasubiri. Wamekwisha kuifupisha ahadi: wanabaki na maji, wanaacha masharti.

Huenda ikapingwa kwamba Kinjeketile mwenyewe aliyatoa maji bila sharti lolote. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linaithibitisha hoja badala ya kuivunja. Tanzia inatokana na sharti kutambuliwa baada ya ahadi kuenea. Tofauti na Liyongo, ambaye sharti lake lilijulikana kwa adui, Kinjeketile anashindwa kuwafanya wafuasi wake walisikie lake.

Uhakiki huu una uzito wa pekee Tarime, ambako mapigano ya koo kwa mishale na mapanga yamo katika kumbukumbu za watu walio hai. Mhakiki anayeandika kwamba kinga "humfanya shujaa asidhurike", bila kutaja masharti yake, anarudia kosa la wapiganaji wa Kinjeketile. Inapendekezwa basi kwamba watafiti wa simulizi hizi, kabla ya kuuliza kama jamii iliamini kinga, waulize kinga hiyo iliishia wapi. Hapo ndipo simulizi inapoweka onyo lake kwa kijana anayeisikiliza.